Uzoefu wangu na seti ya kufyonzea rezini kwenye boti ya faiba

Boti za faiba nimezijenga kwa brashi na rola kwa muda mrefu, kwa hiyo seti hii niliinunua nikiwa na mashaka. Kazi yake ni kunyonya hewa chini ya nailoni iliyofunika faiba kavu, ili rezini (gundi ya majimaji inayoganda na kushika faiba) ivutwe na kuenea yenyewe. Ina pampu ya vakyumu, mtungi wa kunasia rezini inayozidi, geji ya kupimia vakyumu, mabomba, wavu wa kusambazia rezini, kitambaa cha kubandua rezini ikishaganda, nailoni ya kufunikia na utepe wa kuzibia. Niliitumia kwenye bodi ya boti ya mita 6, na kwa kazi ya ukubwa huo rola sirudii tena.

Kilichonifurahisha zaidi ni utepe. Unashika barabara kwenye ukingo wa kalibu (umbo ambalo boti hujengewa ndani yake), na ukitaka kuuhamisha unabanduka bila kukatika. Kwenye kona za tezi, yaani nyuma ya boti, nilikunja nailoni mikunjo mirefu, maana isipolegezwa pale hutanda kama daraja, haifiki kwenye faiba, na chini yake rezini hujaa tupu bila nyuzi. Kabla ya kumimina chochote funga vali, zima pampu, uangalie kwa nusu saa kama mshale wa geji unasogea, maana ukisogea hewa inavuja. Ukisikia mluzi mwembamba, fuata ukingo kwa sikio. Mara nyingi utaishia kwenye mkunjo.

Geji ndiyo dhaifu. Mshale wake ni mnene, huwezi kujua kama ndani zimebaki milibari (kipimo cha kanieneo ya hewa) 10 au 50, na tofauti hiyo inatosha kuacha vitobo vya hewa. Nilitafuta ya dijitali, na naona watengenezaji wangeiweka wao tangu mwanzo.

Bomba la kuingizia rezini nililaza juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), la kunyonya nikalizungusha kwenye kingo za juu. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda wa rezini kufika huongezeka mara nne, hivyo kuanzia katikati kunaokoa muda mwingi. Wavu niliukomesha upana wa kiganja kabla ya bomba la kunyonya, ili rezini ipunguze mwendo na kuzama kwenye matabaka ya chini kwanza. Kijitabu cha maelekezo hakitaji jambo hili hata kidogo, na bila hilo rezini hukimbilia juu na kuacha mabaka makavu chini. Hakisemi pia kwamba ukitumia rezini ya poliesta, vakyumu ikizidi mno stairini (kimiminika kilichomo ndani yake) huchemka na kutoa mapovu.

Kipande cha pembeni nilikipima, nikakichoma hadi rezini ikaisha: nyuzi zilizobaki zilikuwa karibu asilimia 70 ya uzito. Kwa rola nilikuwa nikipata nusu kwa shida. Harufu nayo ilipungua sana, kwa sababu rezini inagandia chini ya nailoni.

Pampu, mtungi na vali vinabaki kwa kazi ijayo. Nailoni, wavu na mabomba vinatupwa. Ukiagiza, ongeza utepe. Ule wa kwenye boksi unatosha kuzunguka ukingo tu, na mikunjo inakula mwingi.