Seti ya kutengeneza vidani kwa vigae vya sahani: uzoefu wangu wa miezi minne

Sahani ya bibi ilipovunjika nilishindwa kuitupa. Ilikuwa nyeupe yenye mchoro wa buluu: mti ulioinamisha matawi, daraja, watu watatu wakivuka, na ndege wawili angani. Mchoro huo ulianza kuchapwa kwenye vyombo huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na hadi leo unachapwa. Vigae vilikaa kwenye boksi zaidi ya mwaka, mpaka niliponunua seti hii: koleo lenye visu viwili vya duara, jiwe la kusagia lenye chembe za almasi, utepe mwembamba wa shaba wenye gundi wa kuzungushia ukingo wa kigae, lehemu (madini laini ya kuyeyushia juu ya utepe huo) na chuma cha kulehemia.

Nianze na koleo, maana ndilo lililonifanya niandike. Visu vyake havikati kama mkasi. Vinabana kigae juu na chini, na ufa unaanzia pale vilipogusa. Kazi yako ni kuuelekeza ufa tu. Nilianza na sahani mbovu ya kawaida, na nashukuru, kwa sababu vipande vya mwanzo vyote vilipasuka nje ya mstari. Nilikuwa na pupa ya kuondoa pande kubwa kwa mbano mmoja. Ng'ata milimita 2 au 3 tu, ukizunguka mstari uliouchora kwa wino usiofutwa na maji. Kile kitako cha chini kiondoe mapema. Ni kinene, na ufa ukikifikia hautabiriki tena. Sehemu bapa ni ile ya katikati, na vidani vizuri hutoka huko. Ukingo uliopinda nimeutumia kwa hereni.

Jiwe la almasi linasaga vizuri, ila hakikisha lenyewe na kigae vimelowa maji muda wote. Vumbi la kauri lina silika, na silika huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Tena, vyombo vingi vya zamani vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika ule mng'ao wa juu. Pamoja na hayo yote, seti haikuja na barakoa wala miwani, na karatasi ya maelekezo haikuitaja hatari hii hata kwa mstari mmoja. Hilo limeniudhi sana. Anayeuza kifaa cha kusagia kauri anajua kabisa kwamba mnunuzi atafanyia kazi nyumbani, pengine mtoto akiwa pembeni.

Halafu lehemu. Ni ile ya 60/40, yaani asilimia 60 bati na asilimia 40 risasi. Sikuitaka kwenye kitu kitakacholala kifuani kwa mtu siku nzima, nikanunua nyingine isiyo na risasi. Hiyo huyeyuka karibu na nyuzi joto 220, wakati ile ya kwanza huanza kwenye 183, na kauri haipendi joto la ghafla mahali pamoja. Kidani changu cha pili kilipasuka hivyo, katikati ya daraja. Niliumia. Siku hizi napitisha chuma haraka, naacha kipande kipoe chenyewe, kisha narudia.

Utepe wa shaba hauna shida, mradi uoshe kigae kwa sabuni na kukikausha kabisa kabla ya kuubandika, halafu uusugue kwa kijiti cha mbao.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano wameikosa kwa barakoa na lehemu. Koleo peke yake ningelinunua tena. Visu vikiisha makali upande mmoja unalegeza skrubu na kuvizungusha.

Sahani ya bibi imenipa vidani vitano na jozi moja ya hereni. Kimoja nilikikata kwenye muhuri wa mgongoni: mbele kuna ua, nyuma neno England. Neno hilo lilienea kwenye vyombo vya Uingereza kuanzia 1891, sheria ya Marekani ilipotaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka. Hicho nimebaki nacho. Wale ndege wawili walitoka wazima kwenye kigae kimoja, nikampa mama. Alikigeuza mkononi muda mrefu, akaniomba mkufu uwe mrefu kidogo ili akiinamisha kichwa awaone.