SUV ya kifahari iliyotumika: tumezipanga kwa gia boksi, transfa na propela

Anayenunua SUV ya kifahari iliyotumika huwasha injini, akaisikiliza, akapapasa ngozi ya viti, akaridhika. Gharama inayomuumiza baadaye mara nyingi imejificha chini ya sakafu: gia boksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu hiyo) na difu (gia zinazoigawa kwa magurudumu ya kushoto na kulia). Gari lina tani 2 au zaidi, na nguvu yote ya injini hupita huko kila unapokanyaga mafuta. Ndiko pia kunakosahaulika kuhudumiwa, kwa sababu wanunuzi waliambiwa oili ya gia boksi ni ya maisha. Si kweli. ZF, mtengenezaji wa gia boksi za BMW na Range Rover nyingi, anashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifikisha miaka 8.

Mpangilio huu hautazami injini, starehe wala mwonekano. Unatazama njia ya nguvu kutoka injini hadi magurudumu, na kinachoamua zaidi ni aina ya transfa.

Aina ya kwanza hugawa nguvu mbele na nyuma kwa gia tupu, muda wote. Inayofahamika zaidi ni Torsen. Aina ya pili hutumia klachi ya sahani nyingi zinazobanwa na mota ya umeme. Hii ya pili huendesha vizuri ikiwa nzima, lakini sahani husuguana, oili huchoka, na oili ikichoka klachi hushika na kuachia kwa vishindo. Tairi zisizolingana ndizo huiua haraka. Ukifunga tairi mpya mbele na kuacha zilizolika nyuma, shafti mbili huzunguka kwa kasi tofauti, na klachi huteleza safari nzima hata kwenye lami iliyonyooka. Sisi hatukubali tofauti ya kina cha kashata (michoro ya tairi) inayozidi milimita 2 kati ya tairi nne, na zote ziwe za chapa moja.

1. Lexus GX 460 na LX 570

Zote zina V8 isiyo na turbo, transfa ya Torsen yenye kufuli, na gia boksi isiyobebeshwa zaidi ya uwezo wake. GX 460 ina gia 6. LX 570 ilikuwa na 6, ikapata 8 kuanzia modeli ya 2016. Kosa linalojirudia ni dogo: gari likisimama au likianza kuondoka unasikia "duf" kutoka chini. Mara nyingi propela imekaukiwa grisi kwenye sehemu inayoteleza. Chuchu za grisi zipo, tatizo ni kwamba fundi wengi huzipita. Paka grisi, jaribu tena, na kama mlio umebaki ndipo utikise viungo vya propela kwa mkono kutafuta uchezaji. Muuzaji akikuambia transfa imekufa kwa sababu ya mlio huo, usikubali kabla ya kupaka grisi.

2. Porsche Cayenne ya 2011 hadi 2018, lakini chagua injini kwanza

Jambo hili wanunuzi wengi hawalijui, na linabadilisha kila kitu. Cayenne za petroli za kizazi hiki zina transfa ya klachi ya umeme. Za dizeli ya V6 na S Hybrid zina difu ya kati inayojifunga yenyewe kimakanika. Gari ni lilelile kwa macho, chini ni tofauti.

Kwenye za petroli, dalili ni mikwaruzo au mivuto midogo ukikanyaga mafuta kidogo, kana kwamba injini inakosa moto. Watu hubadilisha plagi na koili bila kupona. Anza na oili ya transfa: ni chini ya lita moja, na sahani zikiwa bado nzima mtikisiko huisha au hupungua sana. Mtikisiko ukirudi baada ya muda mfupi, transfa yenyewe inahitaji kubadilishwa.

Cayenne ya 2003 hadi 2010 iko chini kidogo katika orodha yetu. Raba inayoshika beringi ya katikati ya propela huchanika, na propela huanza kugonga sakafu. Utausikia mgongano huo kwenye miguu yako ukiondoka kwa nguvu. Volkswagen Touareg ya kwanza ina ugonjwa huohuo. Zipo beringi zinazouzwa peke yake pamoja na kishikio chake, kwa hiyo usikubali kuuziwa propela nzima kabla ya kuuliza.

3. BMW X5

Gia boksi ya gia 8 iliyoingia mwishoni mwa kizazi cha E70 (X5 ya pili) na kuendelea kwenye F15 (X5 ya tatu) ni imara ikipewa oili. Wasiwasi wetu uko mbele na nyuma yake. Kwenye E70, gia ya plastiki ndani ya mota ya transfa hulika meno. Taa za 4x4 na za breki huwaka pamoja kwenye dashibodi. Kabla ya kununua transfa, fungua mota na uangalie gia hiyo, kwani huuzwa peke yake. Ukibadilisha oili ya transfa, mashine ya kusoma makosa lazima iambiwe, la sivyo kompyuta itaendelea kuhesabu oili ya zamani na kubana klachi kwa kipimo kisicho chake.

Kwenye F15, kagua meno ya propela ya mbele inapoingia kwenye transfa. Hupata kutu, hulika, kisha siku moja husaga kwa kelele ukikanyaga mafuta. Ukiwahi, unabadilisha shafti tu. Ukichelewa, meno ya upande wa transfa nayo yamekwenda.

4. Mercedes-Benz ML na GL

Gia boksi ya 7G-Tronic hubeba sensa za kasi kwenye bamba la umeme ndani yake. Sensa ikifa, gari hubaki gia moja na halipandi. Bamba jipya halifanyi kazi mpaka lisajiliwe kwa gari hilo, hivyo hesabu gharama ya kulisajili kwa kompyuta pamoja na ya kipuri. Kwenye ML ya W164 (kizazi cha pili), sikiliza pia transfa: cheni iliyolegea huruka meno ukikanyaga sana, kwa mlio wa kukatika-katika. Audi Q7 ya 2006 hadi 2015 tunaiweka hapahapa kwa sababu hiyohiyo ya cheni.

5. Range Rover ya 2002 hadi 2005 na Volvo XC90 za mwanzo

Range Rover ya 2002 hadi 2005 hula meno ya propela ya mbele kwenye difu. Yakikatika, gari linaweza kukosa mwendo, na hata P isilishike kwenye mteremko. Tumia breki ya mkono kila unapoegesha. XC90 T6 ya 2003 hadi 2005 ina gia boksi ya gia 4 inayokufa mara nyingi mno, na bushi ya meno inayopeleka nguvu nyuma hulika kimya kimya. Hizi mbili tunashauri uziache, hata zikiwa safi.

Jaribio kabla ya kulipa

Lifike gari likiwa baridi; kataa lililokwisha pashwa moto. Tia D, kisha R, ukisubiri sekunde mbili kila mara: kishindo kikubwa ni raba za injini, propela au gia boksi. Kisha kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye lami kavu, kushoto na kulia. Gari likisita na kuruka, klachi ya transfa au difu imebana. Endesha kwa mwendo wa kawaida dakika 20, halafu urudie zoezi hilo oili ikiwa moto, maana gia boksi nyingi mbovu hubadilika tabia wakati huo. Mwisho gari lipandishwe juu. Tazama sampu ya gia boksi, yaani trei ya oili iliyo chini yake: za ZF nyingi ni za plastiki zenye filta ndani, na hujikunja na kuvuja.

Ukishanunua, badilisha oili ya transfa na difu zote mbili wiki ya kwanza. Ya gia boksi za ZF hupimwa kwa joto: injini ikinguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, jaza hadi ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia, ndipo ufunge. Chuja oili ya zamani kwenye kitambaa cheupe. Unga mweusi laini kwenye sumaku ya sampu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi, na gari hilo lirudi kwa fundi kabla halijaenda safari ndefu.