Quest 2 kwa mkono uliopooza: miwani safi, michezo bado

Quest 2 ya Meta, miwani ya uhalisia pepe (VR) inayomwingiza mvaaji ndani ya mchezo, ilitoka 2020, na ukiipata ya mtumba inatosha kabisa kuanzia mazoezi ya mkono baada ya kiharusi. Ina gramu 503, karibu zote usoni. Kwa shingo iliyolegea huo si uzito mdogo, hivyo mwanzo usizidishe dakika 10. Umbali kati ya lenzi una nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68, kufuata umbali wa macho ya mvaaji. Ziweke sawa kabla ya kumvisha, maana picha yenye ukungu huleta kichefuchefu, na mgonjwa akishachefukwa siku ya kwanza, kumrudisha ni kazi. Hakikisha pia ina kifuniko cha silikoni, kwa sababu sponji za awali ziliwasha watu ngozi hadi Meta ikagawa vifuniko bure mwaka 2021.

Kamera husoma vidole bila rimoti. Hapa ndipo penye utamu, na penye kero. Mkono wa kiharusi hukunja kirahisi. Kukunjua ndiyo shughuli. Michezo mingi huhesabu dole gumba likigusa kidole cha shahada kuwa umebonyeza. Vidole vilivyokaza hugusana muda wote, basi menyu zinafunguka zenyewe, vitu vinanasa kiganjani, na mgonjwa anadhani ameharibu mashine ya watu. Mchezo uliobuniwa pamoja na wagonjwa ungetoa pointi mkono unapoachia: parachichi linahesabiwa likidondoka kikapuni, si likichumwa. Mtu wa Rungwe haelekezwi kuchuma parachichi. Mpe upanga wa mwanga akate maboksi, nusu saa inaishia kwenye maelezo.

Kasoro nyingine ni umbali. Mchezo mzuri hupima kwanza mkono unafika wapi, kisha huweka tunda sentimita chache mbele ya hapo. Ukiwa na umbali mmoja kwa wote, mgonjwa huinama kiwiliwili kizima na kiwiko hakinyooki. Kanga ikizungushwa kifuani na mgongo wa kiti, bila kubana, inasaidia. Kiti kiwe na mikono, kisiwe cha magurudumu.

Asubuhi za Juni pale Uyole, Mbeya, vua glavu na ukunje mikono ya sweta. Kamera hazisomi kilichofunikwa. Baridi hukaza misuli, kwa hiyo pasha mkono kwa taulo la maji ya uvuguvugu, ila joto lipimwe kwa mkono usiopooza, kwani uliopooza huenda usihisi kuungua. Umeme ukikatika, chaji hukaa saa 2 hadi 3, lakini chumba kikiwa na giza vidole vinapotea. Na usiiache dirishani: jua likipita kwenye lenzi huunguza skrini.

Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, hayakuona VR ikiipita tiba ya kawaida ya mkono. Faida ilionekana ilipoongezwa juu ya tiba hiyo. Kwa kliniki yenye mfiziotherapia, nunua. Arushe picha kwenye simu aone anachokiona mgonjwa, na aliyewahi kupata degedege amwone daktari kabla ya kuvaa.