Warsha ya Walimu wa Lugha Moshi: Insha Zimesahihishwa, Vyeti Bado

Huu ni mwaka wangu wa pili katika chama kimoja cha walimu wa lugha hapa Moshi, na warsha yake ya siku mbili imenifanya nilipe ada ya mwaka ujao bila kinyongo.

Kilichonifaa zaidi ni kipindi cha kusahihisha insha. Mwezeshaji, mwalimu wa sekondari kama sisi, alitugawia insha za kidato cha pili akatutaka tusahihishe kosa la aina moja tu, yaani upatanisho wa kisarufi, na mengine yote tuyaache yapite. Mkono uliniwasha. Baada ya nusu saa, hata hivyo, ilidhihirika kwamba mwanafunzi aliyeandika "kitabu yangu" mara sita alikuwa na tatizo moja, wala si sita, na kwamba mwalimu mwenye madaftari themanini mezani anaweza kulishughulikia tatizo hilo kabla ya kipindi kinachofuata.

Ratiba ilichelewa saa nzima, na vyeti hatujavipata. Aidha, walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili tuliwekwa pamoja muda wote, ilhali IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kilichoanzishwa mwaka 1967 nchini Uingereza, kina vikundi maalumu ambavyo wanachama hujiunga navyo kulingana na mambo wanayoyafuatilia. Maandazi, niseme kweli, yalikuwa ya moto.

Anayetoka Rombo au Same ajue mapema kwamba nauli hairejeshwi.