Jumamosi nne chini ya miti ya Arboretum: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nilimwandikisha binti yangu wa miaka saba katika mpango wa Jumamosi wa kusoma na kuchunguza mazingira, unaofanyika katika bustani ya miti ya Arboretum jijini Nairobi, kwa ada ya shilingi 1,200 kila kikao. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka wa 1907 kwa ajili ya kujaribia miti iliyoletwa kutoka nje, na leo miti hiyo imechanganyika na ya kienyeji, hivyo mtoto hakosi cha kuokota.

Kila kikao huanza kwa hadithi moja inayosomwa kwa sauti, kisha watoto hutumwa kutafuta vitu vilivyotajwa humo. Kilichonishawishi ni kazi ya majani: binti yangu aliweka jani chini ya karatasi, mgongo wa jani ukiwa juu, akasugua taratibu kwa ubavu wa penseli ya rangi hadi mishipa yote ikajitokeza, halafu akatakiwa kuandika sentensi moja kuhusu alichokiona. Aliandika, “Jani hili lina fedha kwa chini.” Kaka yake alimcheka na kumuuliza ni shilingi ngapi, lakini mtoto ambaye shuleni huandika maneno matatu kisha akachoka alikuwa amelichunguza jani lile vizuri kuliko mimi.

Hapo ndipo nilipouona upungufu. Mwalimu, ambaye ni mpole na mvumilivu, aliujua mti huo kwa jina la kisayansi tu, Croton megalocarpus, na ni mzee aliyekuwa akifagia njia aliyetuambia kwamba Wakikuyu huuita mukinduri. Kati ya vitabu vilivyokuwa mkekani, viwili pekee vilikuwa vya Kiswahili, na kimoja kilikuwa kimeng’oka kurasa. Kwa mpango unaojinadi kuwa wa kusoma na kuandika, hilo si jambo dogo, nami nimewaandikia waandaaji kuwaeleza.

Vikao viwili vilichelewa kuanza kwa takribani nusu saa. Nimelipia vinne vingine hata hivyo. Atakayekwenda afunge vizuri mkoba wa chakula, maana kima wa pale walichukua ndizi zetu zote kabla hadithi haijafika katikati.