Kizimba cha kumning'iniza panya kwa mkia: kinafaa kupimia homoni?

Karibuni watazamaji wetu. Kifaa cha leo ni kizimba cha kumning'iniza panya kwa mkia, ili miguu ya nyuma isibebe uzito, kama ilivyo kwa wanyama walioko kwenye chombo cha anga za juu. Mtindo huu ulianzia kituo cha Ames cha NASA, Marekani, miaka ya 1970, na mtafiti Emily Morey-Holton ndiye aliyeuendeleza.

Tazameni hapa juu. Hii ni fimbo, hii kapi inayoteleza juu yake, na hiki kiungo kinazunguka nyuzi 360. Kikikwama, kamba inajisokota na mkia unaumia. Mwili uiname nyuzi 30, kichwa chini. Hapo miguu ya mbele inabeba takriban nusu ya uzito, kama kawaida yake.

Plasta ipite pande mbili za mkia, msiuzungushie wote: panya hupozea mwili wake kwa mkia, na ukifunikwa joto linapanda na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula na nishati, unavurugika. Ncha ibaki wazi. Ikiacha rangi ya waridi, fungueni mara moja.

Kwa misuli na mifupa, kizimba hiki tunakisifu. Kwa homoni, hapana, mpaka mjipange vizuri. Siku za mwanzo panya hula kidogo, hupungua uzito, na kotikosteroni, homoni ya mfadhaiko, hupanda. Damu ya siku hizo inaonyesha hofu zaidi ya kitu kingine. Mpimeni uzito kila siku, na panya wa kulinganishia, asiyening'inizwa, akae peke yake katika kizimba kilekile, ale kiasi kilekile. Mwishoni pimeni tezi: adrenali (zilizo juu ya figo) zikiwa zimevimba na thaimasi (iliyo kifuani) imenywea, mfadhaiko haukuisha.

Testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa na korodani, ndiyo mtego mkubwa. Dume akiinamishwa, korodani huteleza kuingia tumboni kwenye joto, na uzalishaji wa mbegu huharibika. Hilo limetokana na mkao, na wengi huliandika kama athari ya kukosa mvutano wa dunia.

Mwenye uwezo atazame mashine ya Wajapani ya kuzungusha vizimba vya panya, MARS, iliyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2016 panya wadogo 12 walikaa huko siku 35: sita wakielea, sita wakizungushwa mara 77 kwa dakika kupata mvutano sawa na wa duniani. Safari moja, mionzi ileile. Kilichotofautiana ni mvutano. Kasoro yake ni nusukipenyo cha sentimita 15 tu: panya akisimama, kichwa kikafika sentimita 5 juu ya sakafu, kinapata theluthi mbili ya mvutano unaofika miguuni.