Walinikatia majina ya kanga

Juzi mpiga picha mwenzangu alinipigia simu kuniuliza kama ampeleke mteja wake kwa wachapaji fulani walio upande wa Chang'ombe, hapa Dar es Salaam, maana alisikia niliwahi kufanya nao kazi. Nilikusudia kumjibu kwa neno moja. Nikajikuta naongea nusu saa, sauti imepanda, mpaka mwanangu akatoka chumbani kuja kuona nagombana na nani. Kwa hiyo bora niandike, mwenye kusoma asome. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakipita hapa watajijua.

Nyota moja kati ya tano. Naanzia hapo.

Kazi yangu ni picha za biashara: sahani za hoteli, sabuni, viatu, makochi. Watu wengi wanadhani ni kubonyeza tu, hawajui kwamba glasi moja ya juisi inaweza kunichukua asubuhi nzima kwa sababu ya mng'ao mmoja ulioangukia mahali pabaya. Naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza. Na katika vyote ninavyopiga, sijaona kinachonipa raha kama kitambaa. Kitambaa kina mwili. Ukikiletea mwanga kutoka ubavuni unauona uzi mmoja mmoja, ukikiletea kutoka mbele kinalala, kinakufa.

Sasa mteja mwenyewe. Mama mmoja muuzaji wa kanga kwa jumla, Mtaa wa Uhuru, aliyeirithi biashara kwa mama yake. Alitaka katalogi ya kuwatumia wenye maduka mikoani na wateja wake wa Muscat, wachague doti bila kusafiri. Ilikuwa kabla ya Ramadhani ile iliyotukuta kwenye mvua. Kila mtu mwenye duka la nguo anajua maana ya kuchelewesha mzigo kabla ya Idi.

Nilipiga doti sitini. Kanga mpya ina wanga, inasimama kama kadibodi, kwa hiyo kila moja niliipiga pasi ya mvuke kwa upande wa nyuma, polepole, nisiichubue rangi. Taa mbili, moja kila upande, zote kwa nyuzi 45, zikiwa umbali sawa, ili pindo la kushoto lisiwe na giza kuliko la kulia. Kadi ya rangi kwenye picha ya kwanza ya kila doti. Na nilimwambia mama tangu mwanzo, nikamkalisha mbele ya skrini nikamwonyesha, kwamba rangi ya chungwa kali na ile kijani ya ndizi mbichi hazitatoka hivi kwenye karatasi, kwa sababu skrini inawaka na karatasi inategemea wino nne tu. Akaelewa, akasema sawa mwanangu. Nayasema haya msije mkadhani mimi ni wale wanaogombana na wachapaji kwa sababu ya rangi. Rangi niliisamehe kabla haijachapwa.

Kila doti niliipa kurasa mbili. Wa kwanza kanga nzima, pindo zote nne, na mji wake katikati. Wa pili niliusogelea, nikaikata picha pale pindo la chini linapoanza, ili jina likae chini ya ukurasa kwa herufi kubwa, lisomeke hata na mtu aliyesahau miwani. Hiyo ndiyo ilikuwa katalogi yenyewe. Mama alishanieleza: mteja haingii dukani akasema nataka lile la maua mekundu. Anasema nipe "Hasidi hana sababu". Nipe "Nani kama mama". Anachonunua ni neno. Anakwenda kumvalia jirani, au wifi, au mume, na kila mtu atasoma.

Niliacha milimita saba kati ya herufi na mstari wa kukatia. Nje ya mstari niliongeza milimita tatu kila upande, kama inavyotakiwa kwa picha inayofika ukingoni. Faili niliwapa mkononi, na mistari nikaichora. Nikasaini sampuli. Sampuli yenyewe ilikuwa karatasi pana ambayo haijakatwa, na jambo hili likumbukeni.

Siku ya kuchukua mzigo nilikuta maboksi yamefungwa kwa gundi. Nakala mia tano. Nililipia nusu iliyobaki, kisha nikafungua boksi moja pale pale kwenye kaunta, kwa furaha kabisa, kwa sababu hakuna kinachonifurahisha kama kushika kazi yangu kwenye karatasi.

Majina yamekatwa.

Si kwenye ukurasa mmoja. Kwenye kila ukurasa wa pili, nakala zote mia tano. Zilibaki sehemu za juu za herufi. E imekuwa F. O imekuwa upinde. "USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO" huwezi kuisoma ila kama tayari unaijua kwa moyo. Na ukurasa wa mwanzo, ambao mama aliuomba mwenyewe, una kanga ya marehemu mama yake, ya enzi zile majina yalipoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nukta zote za chini zimekwenda na kisu. Be bila nukta yake si be tena. Nilisimama pale nikiutazama ukurasa ule na mikono ikaanza kunitetemeka.

Kijana wa kaunta alikuwa anachezea simu. Nikamwonyesha. Akachungulia, akarudisha macho kwenye simu, akaniambia hivi, nayarudia neno kwa neno kwa sababu hayajanitoka kichwani: "Dada, picha si ipo? Hayo ni maandishi tu ya chini."

Maandishi tu ya chini!

Nikamwambia hii ni kanga. Mama yako havai kanga? Akasema sampuli nilisaini mwenyewe, kama nina tatizo niandike barua pepe. Nikamwambia sampuli haikukatwa, ningeonaje kosa la kukata kwenye karatasi isiyokatwa? Akasema, "Wewe piga picha, dada, mambo ya kuchapa tuachie sisi." Nyuma yangu kulikuwa na wateja wawili. Mmoja akacheka.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimefukuzwa hotelini na mlinzi kwenye hoteli iliyonikodi, nimenyeshewa na vifaa vyote, nimedhulumiwa malipo. Hakuna kilichoniuma kama kicheko kile. Kuna watu wanaokula kwa picha na hawajui picha ni ya nini. Mtu anafanya kazi ya kuweka wino kwenye karatasi kutwa nzima, na haoni tofauti ya kanga yenye jina na shuka! Nilitaka kuandika maneno haya siku ile ile na kama ningeandika yangekuwa mabaya zaidi.

Nilichukua nakala moja nikaipeleka Mtaa wa Uhuru, maana sikuweza kumficha. Mama akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. Hakupiga kelele. Akapitisha kidole pale chini ya karatasi, palipokatwa, mara mbili, kama anatafuta kitu kilichodondoka. "Mwanangu, majina yako wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi nikarudi Chang'ombe asubuhi yake, na hapa ndipo nyota yangu moja inapoanza kuniletea shida.

Nikiwa nabishana tena na kijana yule, safari hii mbele ya msimamizi aliyekuwa anasoma mkataba wangu kana kwamba mimi ndiye mshtakiwa, akatoka mzee mmoja kutoka ndani. Aproni imejaa vumbi la karatasi, rula ya chuma mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaichukua katalogi bila kuuliza. Akapima chini. Akapima juu. Akaufungua ukurasa wa kisutu, ile kanga ya kale ya wekundu na weusi, ambao peke yake haukuharibika, kwa kuwa kisutu kile hakikuwa na jina, akautazama muda mrefu. Kisha akasema mbele ya wote: "Mimi ndiye niliyekata."

Akaeleza. Katalogi ilipokwisha kubanwa pini ilikatwa kwenye mstari wangu, sawasawa. Lakini rundo halikuwa limepangwa vizuri, kwa hiyo nakala nyingi zikabaki na uzi mweupe ukingoni. Akaambiwa autoe ule weupe. Akashusha kisu mara ya pili, sentimita moja kamili. "Sikuambiwa kuna maneno pale. Na mimi sikufungua kuangalia. Kosa langu." Akamgeukia msimamizi, akamwambia kazi ichapwe upya na plati, yale mabamba ya kuchapia, bado zipo, hazijatupwa. Msimamizi akaanza habari za gharama. Mzee akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mke wake akiiona hii hatamruhusu kulala ndani.

Walichapa usiku mbili. Usiku wa pili mzee alinipigia mwenyewe nije nisimame. Akapanga rundo dogo, akaligonga ubavuni kwa kipande cha ubao mpaka karatasi zikawa kitu kimoja, akakata nakala kumi za kwanza akaniita: soma. Nikasoma kwa sauti, jina moja baada ya jingine, yeye akiitikia kwa kichwa. Majina yote saa tano usiku, na mashine inapiga kelele nyuma yetu. Ile ilikuwa moja ya saa nzuri kabisa nilizowahi kuwa nazo kazini, na siwezi kudanganya.

Na uchapaji wenyewe! Hapa lazima niseme ukweli wangu wote. Weusi wa kile kisutu sijawahi kuupata kwa mchapaji mwingine hapa mjini. Weusi wa wengi ni kijivu kilichochoka. Huu una kina, unaingia ndani, na wekundu umekaa pembeni yake bila kuuvamia. Mara ya mwisho kuona weusi wa namna ile kwenye karatasi ilikuwa kwenye kuta za Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio ya familia ya Oza ya tangu 1930, picha za kale za mashua na za watu mitaani, na zile zilitengenezwa kwa mkono ndani ya chumba cha giza. Hawa wameufikia kwa mashine. Hata ile chungwa niliyoitolea samahani mapema ilitoka karibu kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo nyota nne. Kwa kazi ya usiku ule, hata tano.

Mama alizipokea siku chache kabla ya Idi. Kwa mikoani hakukuwa na neno. Kwa Muscat tulikuwa tumechelewa, na mteja mmoja alikwishaagiza kwingine. Hilo hakuna wino unaolirudisha.

Kisha nilipokwenda kuchukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana ya malipo ya pili walikuwa hawajanipa, nani yuko kaunta? Yule yule. Akanipa ankara mpya. Gharama ya plati! Plati zile zile ambazo mzee alisema mbele ya msimamizi kwamba zipo, na ambazo nilizishuhudia kwa macho yangu zikifungwa mashinini. Sikulipa. Nikamwuliza kama ana neno lolote la kuniambia kuhusu yale aliyoyasema. Akauliza, "Yapi?"

Mbili. Nyota mbili, na zote mbili ni za mzee.

Mwenzangu uliyepiga simu, jibu langu ni hili: mpeleke, lakini usimwache apeleke faili na kuondoka. Usisaini karatasi isiyokatwa. Dai nakala moja iliyobanwa na kukatwa kabla ya nyingine yoyote kuguswa, na uisome yote, herufi kwa herufi, ukiwa umesimama. Ukifika kaunta usibishane, pita moja kwa moja ndani kwenye mashine ya kukata, umuulize mwenye rula ya chuma. Kama ameshastaafu, tafuta pengine.

Risiti yangu ya EFD bado sijaiona.